Risasi Zisizo na Plumbi kwa Matumizi ya Kijeshi: Shaba, Tungsteni au Bismuthi?

Kiswahili kinatutega tangu mwanzo wa mada hii, kwa kuwa neno “risasi” hutaja kile kinachotoka mtutuni na pia ile metali laini ya kijivu ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyotengenezea kitu hicho. Kusema “risasi isiyo na risasi” ni kuchekesha watu, kwa hiyo katika ulinganisho huu metali yenyewe nitaiita plumbi, na neno risasi litabaki kwa kile ambacho askari hukisukuma ndani ya magazini.

Majeshi kadhaa yamekwisha kuachana na plumbi, mengine yamejaribu na kukwama njiani, na yaliyobaki yanaangalia wenzao watapata nini. Ninamwandikia mtu anayeketi kwenye kamati ya ununuzi, au anayesimamia uwanja wa shabaha, ambaye amewekewa mezani vipeperushi vitatu, kila kimoja kikidai kuwa bidhaa yake ni rafiki wa mazingira. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anayechagua metali kabla hajaamua anataka kumlinda nani atajikuta amelitoa tatizo kwenye udongo na kulipeleka mapafuni, au amelitoa mapafuni na kulipeleka kisimani.

Kwa nini plumbi ilipendwa

Sentimita moja ya ujazo ya plumbi ina gramu 11.34, ilhali ya shaba ina gramu 8.96 na ya feleji, yaani chuma cha pua, ina takriban gramu 7.85. Ugumu wote wa kiufundi unaanzia hapo. Kichwa cha risasi kinahitaji uzito mwingi katika umbo dogo ili kisipoteze kasi upesi hewani, na anayeondoa plumbi na kutia shaba bila kubadilisha umbo atapata kichwa chepesi. Akikirefusha ili kurudisha uzito, kitaingia zaidi ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti, au risasi nzima itakuwa ndefu kuliko magazini inavyoruhusu. Pamoja na uzito huo, plumbi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, hukubali umbo lolote bila kuleta ukaidi, bei yake ni ya chini, na haichakazi mashine za kiwandani.

Chukua risasi ya milimita 5.56 ya aina ya SS109, ambayo NATO iliichagua kuwa kiwango chake mwaka 1980, uitazame ikiwa imepasuliwa kwa urefu. Nje kuna gamba jembamba la aloi ya shaba. Ndani, karibu na ncha, kuna kipande kidogo cha feleji, na nyuma yake kuna plumbi iliyochanganywa na antimoni kidogo ili iwe ngumu, yenye uzito wa takriban gramu 2. Chini kabisa, kitakoni mwa ganda, kuna fataki, kidude kinachowasha baruti kikigongwa, na ndani ya fataki ya kawaida kuna kilipuzi kiitwacho stifneti ya plumbi pamoja na misombo ya bari na antimoni. Risasi moja, basi, imebeba plumbi mahali pawili, na kila mahali pana mwathirika wake.

Gramu 2 huonekana si kitu mpaka uzizidishe. Askari akipiga risasi 1,000 katika mwaka wa mafunzo ameacha kilo 2 za plumbi kwenye tuta la udongo linalozipokea risasi nyuma ya shabaha, na kikosi cha watu 500 kimeacha tani nzima. Marekani ilipobadilisha risasi yake ya 5.56, jeshi lake lilikadiria kuwa takriban tani 2,000 za plumbi zingeondolewa katika uzalishaji wa kila mwaka.

Mapafu, udongo na bunduki

Plumbi ya kwenye fataki ni ndogo kwa uzito, lakini hutoka ikiwa mvuke na vumbi laini, sentimita chache kutoka puani mwa mpigaji. Anayeumia zaidi ni mkufunzi anayesimama nyuma ya mstari wa wapigaji kutwa nzima, wiki baada ya wiki, hasa katika uwanja wa ndani wenye feni dhaifu. Mara nyingi anayefuata ni yule aliyepewa ufagio. Sakafu ya uwanja wa ndani ikifagiwa kavu, vumbi la kijivu lililokuwa limetulia hupanda tena hadi usawa wa uso, hushika mikono ya sare, na jioni husafiri hadi nyumbani kwa watoto. Katika mwili plumbi huchukuliwa kana kwamba ni kalisiamu, huhifadhiwa katika mifupa kwa miaka mingi, na hurudi kwenye damu polepole. Kiwango cha kisheria cha hewa ya kazini nchini Marekani, mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, kiliwekwa mwaka 1978, na ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2012 ilieleza wazi kuwa kiwango hicho hakitoshi kuwalinda wafanyakazi wa viwanja vya shabaha vya kijeshi.

Plumbi ya kwenye kichwa huishia tutani. Huko huliwa na hewa na mvua taratibu, na mwendo wake hutegemea udongo: wenye asidi huiyeyusha, wenye chokaa huishikilia. Antimoni iliyochanganywa nayo ni msumbufu zaidi, kwa sababu hutembea na maji kwa urahisi. Kuna viwanja vilivyomwagiwa chokaa au fosfeti ili kuituliza plumbi, na matokeo yake antimoni ikalegea. Jambo hili halimo katika vipeperushi vingi, nami nimeliweka hapa kwa sababu ndilo sura halisi ya kazi hii: ukibana upande mmoja, upande mwingine unachomoza.

Mwathirika wa tatu ni bunduki yenyewe. Shaba na feleji ni ngumu kuliko plumbi, hukaza zaidi mtutuni, na bunduki nyingi zilizomo maghalani zilisanifiwa watu wakiwa na plumbi akilini. Atakayelisahau hili atakumbushwa na fundi wa silaha.

Shaba na feleji: chaguo lililofika vitani

Mfano mkubwa ni M855A1 ya jeshi la Marekani, iliyoanza kupelekwa Afghanistan katikati ya mwaka 2010. Kitako cha kichwa chake ni kipande cha shaba, mbele yake kuna ncha ya feleji iliyo wazi, na vyote vimeshikwa na gamba la shaba. Uzito wa kichwa ni takriban gramu 4, sawa na wa mtangulizi wake, M855, ambayo ni SS109 ya Kimarekani, jambo lililowezekana kwa kukirefusha. Ndugu yake wa milimita 7.62, M80A1, ilifuata mwaka 2014.

Sifa ya chaguo hili ni kwamba halikuuzwa kwa jina la mazingira peke yake. Ncha ya feleji hupenya vizuizi vigumu vizuri kuliko ile iliyofichwa ndani ya plumbi, na tabia ya kichwa ndani ya lengo haitegemei sana pembe kinapogonga, ilhali M855 ya zamani ilikuwa ikilalamikiwa kwa kutabirika kidogo. Ningemshauri mtu yeyote anayetetea mabadiliko haya mbele ya makamanda aanzie hapo. Ofisa anayewajibika kwa maisha ya watu wake hatakubali risasi dhaifu kwa ajili ya samaki wa mto jirani, lakini ataisikiliza risasi yenye nguvu ambayo, juu ya hayo, haitii plumbi mtoni.

Gharama zake zilijitokeza baadaye. M855A1 hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa zaidi wa gesi kuliko M855, na hilo huongeza uchakavu wa mtutu na wa kitasa. Ncha yake kali ilikuwa ikigonga aluminiamu ya bunduki wakati wa kupanda kutoka kwenye magazini, hadi ikasanifiwa magazini mpya inayoielekeza juu zaidi. Uwanjani, shabaha za feleji na kuta za kuzuia risasi zilizostahimili M855 kwa miaka hutobolewa mapema zaidi, na feleji inayogonga jiwe hutoa cheche zinazoweza kuwasha nyasi kavu. Kwa hiyo bei ya risasi si bei iliyo kwenye sanduku. Anayelinganisha kwa haki aongeze mitutu, magazini, shabaha na hatari ya moto.

Upande wa mapafu, funzo limetoka Norwei. Huko askari walipoanza kutumia bunduki ya HK416 pamoja na risasi zisizo na plumbi, baadhi yao walianza kulalamika kuwa baada ya mazoezi walipata homa, baridi ya mwili, maumivu ya kichwa na kikohozi. Dalili hizo wachomeleaji wa vyuma wanazifahamu vizuri: ni homa ya moshi wa metali, inayotokana na kuvuta chembe laini za shaba na zinki. Taasisi ya utafiti ya jeshi la nchi hiyo iliwapigisha watu waliojitolea risasi za aina mbalimbali katika mazingira yaliyodhibitiwa, ikapima utendaji wa mapafu yao, na malalamiko yakawa mengi zaidi kwa waliopiga zisizo na plumbi, ingawa hata moshi wa risasi za plumbi haukuwaacha watu salama. Homa hiyo kwa kawaida hupita baada ya siku moja au mbili, tofauti na plumbi inayokaa mifupani, na hiyo ni tofauti kubwa sana. Hata hivyo, kurutu anayetetemeka bwenini usiku hatafarijika kuambiwa kwamba risasi yake ni ya kijani, yaani rafiki wa mazingira.

Askari anayesafisha bunduki baada ya mazoezi haya huiona shaba yenyewe: kitambaa chenye dawa ya kusafishia kikipita mtutuni hutoka na madoa ya buluu na kijani. Shaba hiyo hiyo ikifika majini ni sumu kwa samaki na hasa kwa viumbe wadogo wanaoliwa na samaki, hata kwa kiasi ambacho mwanadamu hakimdhuru. Uwanja uliopakana na kijito chenye maji laini na ya asidi utahitaji mifereji na mabwawa ya kutuamisha maji hata baada ya plumbi kuondoka.

Tungsteni: ilivyong’aa, ilivyozimika

Kwenye karatasi, tungsteni hushinda kila metali. Uzito wake ni gramu 19.25 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo unga wake ukichanganywa na nailoni au bati unaweza kufikishwa kwenye uzito uleule wa plumbi, na risasi mpya ikaruka kama ya zamani bila kubadilisha bunduki wala vifaa vya kulengea. Marekani iliichagua njia hiyo katika mpango wake wa risasi za kijani wa miaka ya 1990.

Jaribio lake kubwa lilifanyika Camp Edwards, katika rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, mahali ambapo udongo ni mchanga na maji ya kunywa ya wakazi hutoka chini ya uwanja uleule wa mazoezi. Baada ya mamlaka ya mazingira kusimamisha upigaji wa plumbi hapo mwaka 1997, risasi za tungsteni na nailoni zilianza kutumika mwaka 1999. Imani ya wakati huo ilikuwa kwamba tungsteni haiyeyuki. Kumbe metali hiyo ikisagika na kukutana na hewa na unyevu hugeuka kuwa tungsteti, ambayo huyeyuka na kusafiri. Mwaka 2006 ilikwisha kuonekana katika maji ya chini ya ardhi, na matumizi yake yakasitishwa. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa taasisi ya biolojia ya mionzi ya majeshi ya Marekani walikuwa wametangaza kwamba panya waliopandikizwa vipande vya aloi ya tungsteni, nikeli na kobalti walipata saratani kali ya misuli. Aloi hiyo haikuwa ile ya risasi za Cape Cod, na si haki kuzichanganya kama wengine wafanyavyo, lakini ilitosha kuivunja heshima ya tungsteni kama metali isiyo na lawama.

Pana pia suala la upatikanaji. Sehemu kubwa ya tungsteni ya dunia huchimbwa China, na viwanda vya zana za kukatia vyuma vinaigombania. Jeshi linalopiga mamilioni ya risasi za mafunzo kwa mwaka halina sababu nzuri ya kuzika metali adimu kwenye tuta la mchanga. Mahali pake ni katika risasi maalumu za kutoboa deraya, ambazo hupigwa chache na kwa sababu.

Bismuthi, kwa ufupi

Bismuthi ina gramu 9.78 kwa sentimita ya ujazo na sumu yake ni ndogo, ndiyo maana wawindaji wa ndege huipenda. Kwa jeshi imekwisha kushindwa hadharani. Umbo la kwanza la M855A1, kabla haijawa ya shaba, lilitumia aloi ya bismuthi na bati, na mwaka 2009 majaribio yalionyesha kuwa katika joto kali vichwa hivyo havikwendi mahali vilipoelekezwa. Bismuthi huyeyuka kwa nyuzi 271, na mchanganyiko wake na bati unaweza kuanza kulainika kwa nyuzi 138 tu, joto ambalo chumba cha bunduki iliyopigwa mfululizo hulifikia bila shida. Mradi ulichelewa, shaba ikachukua nafasi yake, na kikosi cha Marine cha Marekani kikajinunulia kwa muda risasi nyingine yenye plumbi. Isitoshe, bismuthi nyingi hupatikana kama zao la ziada la kusafisha plumbi, kwa hiyo anayeikimbia plumbi kupitia bismuthi hajafika mbali na mgodi uleule.

Risasi za kusagika

Kwa mafunzo ya karibu, kama vile kuingia vyumbani au kupiga shabaha ya feleji kutoka hatua chache, kuna vichwa vilivyotengenezwa kwa unga wa shaba na bati uliogandamizwa, ambavyo husagika vikigonga kitu kigumu. Hupunguza sana hatari ya vipande kurudi kumpiga mpigaji, na huharibu kuta kidogo. Si vya vitani, kwa sababu havipenyi na huruka tofauti kidogo na risasi halisi, na kila kichwa kilichosagika ni unga wa shaba unaohitaji feni nzuri na ufagiaji wa maji. Ndani ya mipaka hiyo, sioni mshindani wao.

Fataki ndiyo swali gumu

Mjadala mwingi huishia kwenye kichwa kwa sababu kinaonekana. Lakini jeshi lililobadilisha kichwa na kuacha fataki ya stifneti bado linawavutisha watu wake plumbi, na sanduku lake lililoandikwa “kijani” linasema nusu ya ukweli. Fataki zisizo na plumbi zipo tangu miaka ya 1980, zikitumika zaidi katika bastola za polisi na viwanja vya ndani, na nyingi hutegemea kampaundi iitwayo diazodinitrofenoli. Polisi huzihifadhi kabatini na kuzipiga ndani ya miaka michache. Jeshi linadai zaidi: risasi ikae ghalani kwa miongo, ipitie joto la jangwa na baridi ya milimani, kisha iwake papo hapo. Ni kwenye baridi kali na kwenye uhifadhi wa muda mrefu ndipo fataki hizi zimekuwa zikisumbua, na fataki inayochelewa kuwaka ni hatari kuliko isiyowaka kabisa, kwa kuwa askari anaweza kuifungua bunduki wakati huohuo. Historia inatupa subira: fataki za mwanzo zilikuwa za zebaki, na kuzing’oa kulichukua muda mrefu hadi plumbi ilipothibitika ghalani na mstari wa mbele.

Ningechagua hivi

Kwa uwanja wa ndani na kwa wakufunzi, ningeanza na fataki isiyo na plumbi pamoja na kichwa cha kusagika au cha shaba tupu, hata kama risasi za vita hazitabadilika kwa miaka mingine kumi. Hapo ndipo kila shilingi inaokoa afya nyingi zaidi, na udhaifu wa fataki hizo hauna madhara makubwa, kwani risasi za mafunzo hupigwa zikiwa mpya.

Kwa risasi ya kawaida ya bunduki ya askari ningechagua shaba yenye ncha ya feleji, kwa masharti mawili. La kwanza, ijaribiwe katika bunduki zilizopo ghalani, zikiwemo zilizochakaa, na moshi wake upimwe puani mwa mpigaji, shaba na zinki zikihesabiwa pamoja na plumbi. La pili, ihakikiwe na wanasheria mapema, kwa sababu tamko la Hague la mwaka 1899 linakataza vichwa vinavyotanuka kwa urahisi mwilini, na shaba tupu yenye shimo kwenye ncha, inayopendwa na wawindaji, iko upande mbaya wa mstari huo. Jeshi linalopiga risasi kidogo kwa mwaka, lenye bunduki kuukuu na uwanja wenye udongo wa chokaa mbali na maji, lina hoja ya kubaki na plumbi vitani kwa sasa na kuelekeza fedha kwenye feni, sare za kubadilisha na kuchuja tuta. Sioni aibu katika hilo, mradi vipimo vya damu vya wakufunzi viwe vinasomwa na mtu.

Tungsteni na nailoni kwa mafunzo ningeikataa, na bismuthi vilevile.

Limebaki tuta lenyewe. Siku risasi mpya zinapofika, plumbi ya miaka 30 bado imo mchangani, na shaba na feleji zikianza kuchanganyika nayo, kuchuja kunakuwa kugumu na chuma chakavu kinashuka thamani. Mkataba wa risasi mpya uandikwe pamoja na mkataba wa kulifukua na kulichuja tuta la zamani, na risasi ya kwanza ya shaba isipigwe kabla kazi hiyo haijakabidhiwa.